Marehemu Ana Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Makundi ya filamu ya mwisho yamebandikwa ukutani chuoni leo. Nimeangukia kwa Direkta. Mwaka mzima nimemkwepa yule mtu — akikaa mbele nakaa nyuma, akicheka natoka nje — na sasa jina langu limebandikwa chini ya lake kama kiatu.

Tuko watatu tu: Direkta wa kuongoza, Lenzi wa kamera, na mimi wa sauti. Kwa hiyo kuanzia leo naitwa Sauti. Sauti, njoo hapa. Sauti, umesikia? Lenzi haongei kabisa, anakodoa macho tu. Heri yeye.

Filamu ni fupi. Vichekesho, lakini vyeusi, kasema Direkta, na ndani yake kuna mauaji. Wezi wawili wanaingia kwenye nyumba ya mzee. Wanamkuta kwenye kochi, wanadhani kasinzia. Kumbe marehemu! Tena kauawa na mtu mwingine. Wanajua watasingiziwa wao, basi badala ya kuiba wanaanza kufuta alama za vidole. Wakishafuta wanaona vumbi. Wakishapangusa vumbi wanaona vyombo vichafu. Mwisho mmoja anapiga pasi mashati ya marehemu. Jina: "Marehemu Ana Wageni."

Jina ni zuri. Nakubali kwa shingo upande, tena humu tu.

Mwizi mmoja ataigizwa na Direkta mwenyewe. Kaandika, anaongoza, anaigiza. Kilichobaki ajipigie makofi. Tusipoimaliza hakuna cheti.

Jumatano, 5 Machi

Nani kamwambia? NANI?

Direkta kanifuata kantini mbele ya watu. Eti kasikia nina kaka aliyewahi kufungwa kwa wizi. Kasema kwa furaha, kama mtu aliyeokota simu barabarani. Anataka mwizi wa kweli, kasema, mtu anayejua dirisha linavyoingiwa. Nimemwambia Kaka ni fundi wa makochi, muda mrefu sasa. Kasema hiyo ndiyo ladha yenyewe.

Nimemwambia hapana. Nimesema kwa sauti hadi mpishi kageuka.

Jioni nimepita karakana kwa Kaka, namkuta Direkta kakalia kochi ambalo halijafunikwa, wanacheka wote wawili! Kaka kashakubali. Nimemvuta pembeni: umerogwa? Hujui wanataka kukucheka? Yeye gundi mkononi, misumari mdomoni, kaongea kwa pembe ya mdomo: mdogo wangu, watu wananicheka bure kila siku, leo angalau nitapewa na maji ya kunywa.

Simwelewi. Au namwelewa ndiyo maana nakasirika.

Niandike mara moja, nisirudie tena. Baba alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha rangi. Kaka kachukua funguo za Baba akiwa kalala, yeye na wenzake wakabeba mali. Aliyekamatwa ni Baba. Kakaa mahabusu wiki na zaidi, akiulizwa anasema sijui, na kweli hajui — na Kaka yuko nje, anamwona Mama akipeleka chakula kituoni, ananyamaza! Hadi wenzake walipomtaja. Kaka kafungwa. Baba katolewa, lakini kazi basi. Tangu siku ile Baba anavaa funguo zake zote shingoni, hata bafuni. Na hajamsemesha Kaka. Hata neno. Kaka akipiga simu Baba anampa Mama simu bila kuiweka sikioni.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba tutakayopigia filamu ni ya kwetu! Mama kakubali. Direkta kaja mchana wakati mimi niko darasani, kamwamkia vizuri, kamsifia mapazia, basi.

Nimemuuliza Mama: unajua nani anaigiza? Anajua. Baba anajua? Hajui. Kaendelea kushona, mguu kwenye cherehani, haniangalii. Kasema: mwanangu hajaingia kwenye nyumba hii tangu atoke jela. Mlangoni hapiti. Kama kuna dirisha, na apite dirishani.

Nimemwambia itakuwa vita. Kasema vita ni watu wanaoongea.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, maana nikirukaruka nitakuja kujidanganya baadaye.

Asubuhi wamekuja na taa na nyaya. Direkta kaanza kusogeza meza ya Mama kabla hata ya kusalimia. Baba kakaa kochini mwake, lile la mtu mmoja, na redio. Direkta kamwomba apishe: mzee, hapa ndipo atakapokaa marehemu. Baba kasema, hapa ninakaa mimi.

Akaombwa tena. Hasogei. Mama kamsihi. Hasogei.

Marehemu wetu alikuwa mjomba wake Direkta, kaja kavaa suti. Wakamjaribu kwanza kwenye kiti cha jikoni. Kafumba macho — na papo hapo kalala usingizi wa kweli. Anakoroma! Tukamwamsha. Kakoroma tena, safari hii na mluzi ndani yake. Lenzi kacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia. Direkta kamtazama mjomba wake, halafu kamtazama Baba. Baba kanyooka kochini, uso mkavu, hapepesi jicho kwa hasira.

Mzee, kasema Direkta, usiondoke. Kaa hivyohivyo. Funga macho tu.

Baba kauliza atatakiwa kusema nini. Direkta kamwambia hakuna, wewe umekufa. Baba kafikiri. Kasema, kama ni kutosema na mtu, hilo naliweza.

Kweli anaweza!

Mimi nikamfungia maiki ndogo isiyo na waya chini ya kola. Nilitaka kunasa sauti za wezi wakimwinamia, ndiyo sehemu nzuri kuliko zote chumbani. Funguo zikawa zinalia kifuani kwake, nikazifunga kwa kitambaa. Nikavaa hedifoni. Nikamsikia Baba: pumzi, tumbo, na moyo — tu, tu, tu — polepole, kama mtu anayetembea bila haraka.

Akshen!

Kaka alikuwa kafichwa kwa jirani. Akapita dirishani. Baba macho kafumba. Kaka akatua sakafuni, akasema maneno yake ya kwanza ya filamu, ananong'ona: "Twende taratibu, kuna mtu kalala."

Nilimsikia Baba kabla hajafungua macho. Ule moyo ulikwenda mbio ghafla kama mtu kasukumwa ngazini. Nusura nitupe hedifoni.

Kafungua macho. Wakatazamana.

"Kat!" Direkta kafoka. "Mzee, umefufuka!"

Hakuna aliyecheka ila yeye. Mama kasimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Kaka bado kachuchumaa chini ya dirisha, hajui ainuke au atoke alikoingilia. Nikasema moyoni, sasa Baba atainuka, ataondoka, na sisi tumekwisha. Lakini akiondoka atakuwa kampisha mwizi kwenye kochi lake. Nilimwona akilipima hilo. Kafumba macho tena. Kasema, kwa Direkta na si kwa mtu mwingine: endeleeni.

Tukaendelea. Ile sehemu ya kufuta alama za vidole. Kwenye maandishi Kaka anasema tu: samahani mzee, tumekosea nyumba. Halafu anafuta mikono ya marehemu kwa kitambaa. Basi. Kaka kapiga goti. Kashika mkono wa Baba. Kaanza kufuta, kidole kimoja kimoja. Na maneno yaliyomtoka hayamo kwenye karatasi ya mtu yeyote.

"Samahani mzee, nimeingia bila hodi. Ningegonga, lakini najua usingefungua." Kafuta kidole. "Zile funguo. Ningesema siku ileile ya kwanza. Nilifika hadi kwenye lango la kituo, nikarudi. Haikuwa roho mbaya, mzee. Woga. Woga tu."

Direkta kasahau hata zamu yake ya kuingia. Mimi masikioni nasikia pumzi ya Baba imekatika, haitoki. Ikatoka kidogo. Halafu chozi. Moja, jicho la kushoto. Likashuka hadi kwenye sharubu, Lenzi akalifuata na kamera yake kama nzi anavyofuata kidonda.

"Kat! KAT!" Direkta anaruka. "Maiti analia! Mnaona? Maiti analia! Moto!"

Akaita watu waje kwenye skrini. Majirani waliokuwa dirishani wakaingia. Mjomba wa suti akaingia. Wakarudisha nyuma, wakatazama: marehemu analia. Wakacheka. Wakarudisha tena. Wakacheka zaidi, mjomba kashika mbavu. Baba kainuka, kaja, watu wakampisha kwa heshima huku wanacheka. Katazama uso wake pale, mkubwa, na lile chozi. Wakarudisha mara ya tatu. Direkta kamgonga bega: mzee, wewe ni hatari, hiyo ndiyo itakayotushindia tuzo!

Baba karudi kochini. Kaka alikuwa kashatoka kwenda uani.

Mapumziko. Wote wakaenda uani kula. Mimi nikabaki koridoni na sahani yangu, hedifoni shingoni — nimemsahau Baba na maiki yangu. Nikaivaa tena nikague betri. Nikasikia zipu. Ndefu, nzito, zipu ya begi. Pumzi. Hatua. Komeo la chuma. Kitambaa kikifunguliwa, funguo zikalia. Mlango wa stoo ya nyuma, ule unaokwaruza sakafu. Makopo yakisogezwa. Halafu Baba, kwa sauti ndogo sana, peke yake: "Chekeni sasa."

Hatukuwa tunarekodi. Ni masikio yangu tu.

Nikala chakula changu chote. Niseme ukweli: nilifurahi! Nilitaka kuona uso wa Direkta. Nikauona. Kamera hakuna, begi hakuna, kadi iko ndani, kazi yote ya leo. Kapekua chini ya meza, kapekua hadi kwenye sufuria. Halafu kasimama katikati ya sebule, kavuta pumzi, kageuka polepole kwa Kaka. Na wote wakageuka. Kama alizeti.

"Si tulitaka mwizi wa kweli?" kasema. "Haya. Tumempata."

Kaka kaweka sahani chini. Mama kamtazama Kaka. Ndiyo, Mama pia. Na Baba kakaa kochini mwake, katikati yetu wote, kawasha redio.

Kawasha redio!

Jumapili, 9 Machi

Direkta kaandika kwenye kundi la simu la darasa zima: tumeibiwa na mtu tuliyemwamini. Watu wanaweka vikatuni vya kulia. Mmoja kauliza kama hii nayo ni sehemu ya filamu.

Mama kaenda karakana kwa Kaka na mkasi wake wa kushonea. Nimemfuata, hakunitaka lakini nimemfuata. Hakumuuliza Kaka kitu. Kapiga magoti, kaanza kufumua makochi ya wateja. Moja baada ya jingine. Anaingiza mkono kwenye sponji hadi begani, anapapasa, anatoa. Kaka kasimama na nyundo yake. Halafu kaja kamshikia kitambaa upande wa pili ili kisichanike.

Hakuna kamera, bila shaka. Mama kakaa chini kwenye vumbi la sponji. Kaomba sindano. Kashona yote aliyofumua, mshono mzuri kuliko wa mwanzo, na wakati anashona analia, na Kaka anamkatia nyuzi.

Na mimi nimesimama pale. Najua. Sijafungua mdomo.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisi ya mkuu wa idara. Kamera ni ya chuo, tumeweka sahihi sisi watatu. Mkuu wa idara hakupaza sauti, ndiyo mbaya zaidi. Irudi, au suala liende polisi, na filamu yetu itahesabiwa haipo. Direkta kaanza kueleza: yeye alimpa nafasi mtu aliyeanguka, alitaka kumwinua. Kumwinua! Mtu aliyekwenda kumchukua kama anavyochukua koti la kuazima! Nikamwambia palepale, wewe ulitaka kumcheka. Kasema: Sauti, wewe ni ndugu yake, hatutegemei useme tofauti.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka. Nikimtaja Baba, Baba anarudi mahabusu kwa mara ya pili kwa ajili ya Kaka. Nikinyamaza, anaingia Kaka. Mkuu kauliza: ulitaka kusema kitu? Nikasema hapana.

Nyumbani. Baba kochini. Nikazima redio yake — sijawahi kufanya hivyo maishani. Tukaongea, basi ngoja niandike yote.

"Baba, Jumamosi ulikuwa bado na maiki."

"Kwa hiyo?"

"Nilikuwa na hedifoni."

Katazama redio.

"Futa ile picha kwanza," kasema. "Ikifutwa, wataikuta kamera yao mlangoni."

"Nipe kadi nifute sasa hivi. Lakini Kaka wanampeleka polisi, Baba. Wanampeleka!"

"Na mimi walinipeleka."

"Hakufanya kitu safari hii."

"Na mimi nilifanya nini?" Hapo sauti ilipanda, nikaona mishipa ya shingo. "Nilikaa kwenye simenti mimi, na umri wangu, kijana mdogo ananiita mwizi, ananitemea mate karibu na mguu. Mwanangu yuko nje anajua! Kila mlango ukifunguliwa nadhani kuna mtu kaja kusema ukweli. Hakuja. Akae kidogo. Aone inavyokuwa mtu anayejua akinyamaza."

Nikamwambia wewe ndiye unayejua sasa. Wewe ndiye uliyeko nje.

Kawasha redio.

Namchukia. Naandika tena nione kama ni kweli. Namchukia.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Kaka. Nimekwenda mbio kama mtu aliyebeba moto kwenye kiganja, nikammwagia yote. Kaendelea kupigilia misumari.

Anajua! Alimwona. Alikuwa uani anakula, kamwona Baba anapita na begi ndani ya koti, koti limefura kama mtu mwenye mimba. Kaka katazama sahani yake. Ndiyo maana hajajitetea.

Nikamwita mjinga. Nikamwita mengine ambayo sitayaandika. Kwa nini hukusema? Kasema, ningesema nini, mzee wangu mwizi? Nani angeamini. Halafu kaweka nyundo.

"Nisikilize. Aliponikuta pale dirishani alikuwa anaweza kuinuka. Hakuinuka. Ule mkono nimeushika, hakuuvuta. Sasa anataka nikae ndani kidogo kwa jambo nisilofanya. Sawa. Ni zamu yangu."

"Zamu! Huu ni mchezo?"

"Wewe ulikuwa mdogo. Hukumwona alivyotoka kule. Mimi nilimwona, kwa mbali."

Nikampiga. Begani, kwa ngumi, kama tulipokuwa watoto. Kacheka. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Hawa watu wawili wanapigana kwa kunyamaza, na sisi wengine tunaumwa masikio. Nimechoka nao! Nimechoka nao wote!

Jumatano, 12 Machi

Wamemchukua. Asubuhi, karakana, mbele ya wateja. Polisi wawili. Walimuuliza swali moja tu, kaweka gundi chini, kasema: ni mimi. Kamera iko wapi? Kasema hakumbuki. Kwa jibu hilo wamemsukuma garini.

Direkta kanipigia. Nilidhani anaomba radhi. Anauliza kama nina mtu ninayemfahamu pale kituoni — anataka kupiga picha mbili tatu za mlango wa mahabusu, kwa simu yake, zitafaa kwenye filamu nyingine. Nyingine! Nimemwambia neno ambalo Mama kalisikia kutoka chumba cha pili na hakunigombeza.

Chakula cha jioni nimesema. Mezani, wote tumekaa. Nimesema: Mama, kamera iko stoo, nyuma ya makopo, Baba kaiweka, na Kaka anajua.

Mama hakupiga kelele. Kamtazama Baba shingoni, zile funguo. Halafu kainuka, kachukua sahani ya Baba ambayo hajaimaliza, kaimwaga. Kanigeukia mimi.

"Mwambie baba yako," kasema, "kuanzia leo akitaka kitu akupitie wewe."

Baba yuko hapohapo! Mkono ungefika!

Nikasema: Baba, Mama anasema. Baba kasema: nimesikia. Mama kasema: mwambie sikumsemesha yeye.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kituoni, benchi la ukutani. Kalamu ya kuazima kwa dada mmoja aliyekuja kuripoti simu. Nikiacha kuandika nitaanza kupiga kelele.

Asubuhi Baba kaamka mapema, kanyoa. Kavaa koti. Kaenda stoo mwenyewe, karudi na begi la kamera, lina vumbi la rangi. Nikadhani ananipa. Hapana. Kalining'iniza begani kama mtu anayesafiri. Nikamwambia, nipe mimi, nitalirudisha chuoni, nitasema liliokotwa, yataisha. Nilikuwa nimeshaipanga hata hadithi.

Kageuka. Sijawahi kumwona hivyo. Nilitegemea majuto, kumbe hasira tupu.

"Eti kasema ni yeye?"

"Ndiyo, Baba."

"Aliyechukua ni mimi. Kwa mikono yangu. Funguo kanichukulia, kazi kanichukulia, jina kanichukulia." Kakaza mkanda wa begi begani. "Na hili nalo anataka kuniibia?"

Mama alikuwa kwenye cherehani. Mguu ukasimama. Kasema, kwangu: mwambie baba yako kola imekaa vibaya. Baba kaweka kola sawa.

Tukatembea. Hakutaka gari. Njiani kasimama mara moja tu, kama anayefunga kamba ya kiatu, na kiatu chake hakina kamba. Kauliza bila kuniangalia: ile picha, mtu asiyenijua akitazama, ataona nini? Nikamwambia ataona jasho, Baba, taa zilikuwa na joto. Kasema: taa zilikuwa na joto sana. Tukaendelea.

Hapa ndani kuna kaunta ndefu, polisi mmoja anaandika, mwingine anapekua droo. Kaka wamemtoa, wanamsubiri mpelelezi. Kakaa benchi la upande wa pili, mkanda wamemvua, shati nje, kalala na nguo. Alipomwona Baba mlangoni kainuka nusu, kaketi tena. Katazama lile begi. Kalitambua.

Nikasema sasa. Mungu wangu, sasa.

Baba kavuka ukumbi. Kasimama mbele yake. Benchi lina nafasi kushoto, lina nafasi kulia. Kamtazama Kaka kichwani, si usoni.

"Sogea."

Basi. Miaka yote ile, na hilo ndilo neno. Sogea.

Kaka kasogea. Baba kaketi. Begi kaliweka mapajani, kalikumbatia. Wanatazama mbele wote wawili, ukuta hauna kitu.

Polisi wa kaunta kauliza, bila kuinua kichwa: nani mwenye mambo ya kamera?

Baba kaanza kuinuka. Kaka kamshika mkono — hapana, kashika mkanda wa begi. Kasema kitu, sisikii, laiti ningekuwa na hedifoni! Baba kavuta. Kaka haachii. Baba kavuta tena, kwa nguvu, begi limegonga ukingo wa benchi, kitu kimelia ndani. Hawapigi kelele. Hawatazamani. Meno wameuma. Mmoja upande huu, mmoja upande ule, kama watu wawili waliokamata mzigo mmoja sokoni.

Huyu dada wa simu kaniuliza, wale ni nani? Nimemwambia ni baba na mwanawe. Kauliza mwizi ni yupi.

Polisi kaweka kalamu chini. Kainua kichwa. Kauliza mara ya pili, sasa kwa sauti: nimesema, kamera ni ya nani kati yenu?

Hakuna anayeachia.